Pembe, Mpingo na Fidla: Moshi katika Historia ya Wapiga Ala

Fidla inayopigwa katika muziki wa klasiki wa Ulaya, yaani muziki unaoandikwa kwa noti na kupigwa kama mtunzi alivyouandika, ni chombo kilichokusanywa kutoka mabara kadhaa kabla hakijafika begani mwa mpigaji. Uso wake huchongwa kwa msprusi, mti mwepesi wa nchi za baridi, na mgongo wake kwa mti mgumu zaidi uitwao mepo. Ubao mweusi ambao vidole hukanyagia nyuzi hutoka katika miti mizito ya nchi za joto. Upinde hutengenezwa kwa mpernambuko wa Brazili na kufungwa manyoya ya mkia wa farasi, na kwa karne mbili hivi ncha ya upinde huo ilikingwa kwa kipande chembamba cha pembe ya ndovu. Katika orodha hiyo ya malighafi, na katika orodha za ala jirani zinazokaa pamoja na fidla katika okestra, Moshi na miteremko ya Kilimanjaro inatajika mara mbili, kwanza kwa pembe na kisha kwa mpingo. Mpiga fidla wa Moshi mwenyewe alikuja baadaye sana, na kuchelewa huko kunaeleza mengi kuhusu hali yake ya leo, kwa sababu mahali palipouza nje vitu vya kutengenezea ala kwa zaidi ya karne moja hapakupata nafasi ya kukuza ufundi wa kuzitunza.

Biashara ya pembe ilikuwa imekwisha kushika mizizi Uchaggani wakati mmisionari Johannes Rebmann alipofika Kilema mwaka 1848 na kuiona theluji ya kilele cha Kibo. Misafara ya kutoka Mombasa na Pangani ilipanda hadi kwa mamangi, watawala wa nchi ndogondogo zilizogawana mlima, ikibadilisha nguo, shanga, waya na bunduki kwa chakula, watumwa na pembe. Mangi Rindi wa Moshi, aliyejulikana pia kwa jina la Mandara, na hasimu wake Sina wa Kibosho walijenga sehemu kubwa ya nguvu zao juu ya misafara hiyo. Kutoka pwani pembe zilivuka hadi Unguja, na kutoka Unguja zilisafirishwa kwenda Bombay, London na Marekani, ambako viwanda vya Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut vilizipasua kuwa vibao vyembamba vya kufunika vitufe vya piano. Pembe mbili kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani, kila moja ikiwa na uzito wa karibu kilo 100 ilipopimwa mara ya kwanza, zilitokana na ndovu aliyeuawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19; ziliuzwa Unguja, na leo ni mali ya Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya London.

Kwa upande wa fidla, kiasi cha pembe kilichohitajika kilikuwa kidogo mno, kipande kisichozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, lakini udogo huo haukuwaokoa wapigaji na matokeo ya kisheria ya biashara nzima. Mwaka 1989 Tanzania, ambayo ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya ndovu wake kwa majangili, ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara ya kimataifa ya pembe ipigwe marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na marufuku hiyo ikaanza kutumika mwaka 1990. Miaka 24 baadaye, Marekani ilipokaza masharti yake, maofisa wa forodha katika uwanja wa ndege wa John F. Kennedy, New York, walizuia pinde 7 za fidla za Okestra ya Tamasha ya Budapest kwa kushuku kwamba ncha zake zilikuwa za pembe. Wanamuziki wale walikuwa safarini kikazi, wakiwa na vifaa vya kazi yao, na huenda wengi wao hawakuwahi kufikiri kwamba kipande kile kidogo kina uhusiano wowote na mbuga za Afrika. Tangu hapo imekuwa kawaida kwa mpigaji anayesafiri kuwa na cheti cha ala, hati inayoeleza kila malighafi iliyomo na kudumu hadi miaka 3, na kubadilisha ncha ya pembe kwa mfupa au kwa fedha kabla ya kuvuka mipaka.

Wakati pembe zikishuka mlimani, muziki wa noti ulikuwa unapanda, ila haukupanda na fidla. Chama cha kimisioni cha Kianglikana, CMS, kilifungua kituo Moshi mwaka 1885 na kukiacha mwaka 1892 baada ya vita kati ya Wajerumani na Mangi Meli, mwana na mrithi wa Rindi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kuanza Kilema mwaka 1890, na mwaka 1893 Walutheri wa Misioni ya Leipzig walitua Machame, wakafuatia Mamba na kisha Kidia, Old Moshi, mwaka 1896. Jina la Leipzig lina uzito wa pekee kwa mtu anayefuatilia historia ya muziki. Huo ndio mji ambako Johann Sebastian Bach aliongoza muziki wa makanisa kuanzia mwaka 1723 hadi kifo chake mwaka 1750, na ambako Felix Mendelssohn alianzisha mwaka 1843 chuo cha muziki kilichokuwa miongoni mwa vya kwanza vya aina yake katika nchi za Wajerumani, mpiga fidla Ferdinand David akiwa mmoja wa walimu wake. Kufikia wakati wamisionari walipopanda meli, kupiga fidla Leipzig kulikuwa kazi kamili, yenye shule, mitihani, okestra na mshahara.

Hata hivyo kilichovuka bahari hakikuwa okestra bali ni korali, wimbo wa ibada ulioandikwa kwa sauti nne, na baadaye matarumbeta yaliyoziunga mkono sauti hizo. Sababu zake ni za kawaida kabisa na hazihitaji nadharia. Sauti ya fidla moja humezwa na uwanja wa wazi, ilhali tarumbeta husikika ng'ambo ya bonde. Fidla huogopa mvua na jua, ilhali shaba hufutwa kwa kitambaa na kuendelea. Tena fidla hudai mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja kwa miaka mingi, jambo ambalo misioni yenye walimu wachache isingelimudu. Zaidi ya hayo, mchungaji Johannes Kuhlo, aliyeeneza vikundi vya matarumbeta vya kanisa huko Ujerumani, alishikilia kwamba wapigaji wasome moja kwa moja sauti zilizoandikwa katika kitabu cha nyimbo za kwaya badala ya kuandikiwa karatasi zao, na kwa njia hiyo kitabu kimoja kilitosha kwa waimbaji na wapigaji pamoja. Kwa usharika wa mlimani, ambako hata kitabu chenyewe kilikuwa mali adimu, mpango huo ulikuwa na manufaa makubwa.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi Old Moshi hadi mwaka 1938 isipokuwa miaka ya kufukuzwa kwa Wajerumani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliamini kwamba kanisa la Wachagga lazima lisimame juu ya mafungamano waliyokuwa nayo tayari, yaani ukoo, ujirani na rika. Fikra zake zimejadiliwa na kupingwa kwa mengi, na baadhi ya pingamizi hizo ni za haki, lakini katika muziki zinaelekea kuendana na jambo ambalo lingetokea hata bila yeye: kwaya ilikua kuwa chombo cha mtaa na cha rika, watu waliolima pamoja na kuzikana pamoja wakaimba pamoja, na Wajerumani walipoondolewa mwaka 1920 walimu wenyeji waliendeleza ibada na nyimbo kwa uwezo wao wenyewe. Kilimanjaro ikapata kwa njia hiyo maelfu ya watu wanaosikia sauti nne kwa wepesi, na huo ni msingi ambao mwalimu wa fidla popote duniani angeutamani, kwa sababu fidla haina alama za kuonyesha mahali pa kukanyaga uzi, na sikio ndilo linalomwambia mpigaji kama amekosea. Kazi ya kulipwa ya mpiga ala ilifuata njia hiyohiyo: matarumbeta yalitoka kanisani na kuingia katika harusi na maandamano, na hadi leo bendi ya matarumbeta juu ya gari la wazi ni sehemu ya sherehe inayotambulika.

Fidla nayo ilikuwa imeingia Afrika Mashariki kwa mlango mwingine. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kati ya mwaka 1870 na 1888, aliuleta muziki wa Misri katika jumba lake, na kutokana na mwanzo huo ikazaliwa taarabu, ambamo fidla ilikaa pamoja na udi, kanuni na nai. Klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, iliifanya kuwa ala ya watu wa mjini. Fidla ile ni ileile iliyochongwa Ulaya, ingawa hufungwa na kupigwa kwa desturi ya Kiarabu, na wapigaji wa Unguja wana mila ndefu ya kujifunza kwa kusikiliza. Tangu miaka ya mwanzo ya karne hii Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kimeweka ufundi huo darasani. Lakini njia ya taarabu ilifuata pwani na haikupanda mlima kwa nguvu, na kwa hiyo mtu wa Kibosho au Marangu aliyekulia katika kwaya angeweza kusoma noti maisha yake yote bila kushika fidla.

Malighafi ya pili, mpingo, ina historia iliyojificha zaidi kuliko ya pembe. Mti huu, ambao wataalamu wa mimea huuita Dalbergia melanoxylon na ambao ni mti wa taifa la Tanzania, haukui katika misitu ya mvua ya mlimani bali katika nyika kavu zilizo chini yake. Ni mti mfupi, uliopindapinda, wenye mashina mengi na miiba, jamaa ya kunde, na mizizi yake huurutubisha udongo. Ndani ya ganda jembamba la rangi ya njano kuna kiini cheusi cha zambarau kilicho kizito kuliko maji, chenye mafuta yake ya asili, ambacho hakipasuki kirahisi kinapotobolewa na hakivimbi haraka kinapopata unyevu wa pumzi. Sifa hizo ndizo zilizowafanya mafundi wa Ulaya wa karne ya 19, ambao hadi hapo walitengeneza klarineti na obo kwa mti wa boksi, waugeukie mpingo kidogokidogo hadi ukawa mti wa kawaida wa ala hizo. Katika fidla mpingo hutumika kwa sehemu ndogo, hasa vigingi vya kukazia nyuzi, mkia wa kuzishika na kipande cha kuegemeza kidevu, ingawa sehemu hizo mara nyingi zaidi hutengenezwa kwa mti mweusi wa jamii nyingine inayoota India, Sri Lanka na Afrika ya Kati.

Mpingo huchukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia unene wa kuvunwa, na hata hapo mavuno yake ni haba, kwa kuwa shina lililopinda, lenye mashimo na nyufa, hutoa chini ya sehemu moja ya kumi ya ujazo wake kama vipande vinavyofaa kwa klarineti. Vipande hivyo hupakwa nta kwenye ncha ili visikauke kwa haraka na kupasuka, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuingia kwenye mashine. Kuzunguka Moshi, mti wenye tabia hiyo ya polepole ulikabiliana na matumizi yenye haraka. Mashamba ya mkonge yalichukua tambarare. Kampuni ya sukari ya TPC ilianza kulima Arusha Chini katika miaka ya 1930. Idadi ya watu iliyokua kwenye ukanda wa kahawa na migomba iliteremka kutafuta ardhi na kuni. Wachongaji wa vinyago waliuza kwa watalii wa mlima. Na moto wa kila mwaka uliua miche kabla haijapata gome la kuihimili. Katika orodha hiyo klarineti si mkosaji mkuu, ingawa ndiyo iliyovuta masikio ya dunia.

Aliyeelewa hilo mapema alikuwa mtaalamu wa mimea Sebastian Chuwa, mzaliwa wa Kibosho aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika hifadhi ya Ngorongoro. Alionekana katika filamu ya makala kuhusu mpingo iliyotolewa mwaka 1992, na filamu hiyo ilitazamwa Texas na James Harris, fundi wa kukereza mbao aliyekuwa akiutumia mti huo katika kazi yake. Wawili hao walianzisha mwaka 1996 mradi wa kuhifadhi mpingo uliokuwa na makao yake Moshi. Ubora wa kazi ya Chuwa, kwa kadiri inavyoweza kupimwa, ulitokana na kutoutenga mpingo na maisha ya watu wanaouzunguka: vitalu vyake viliotesha pia miche ya kahawa, ya matunda na ya kuni, vikundi vya akina mama na shule vilipewa miche ya kupanda katika ardhi yao, na mtoto aliyepanda mpingo alielezwa wazi kwamba hatauvuna yeye. Alipofariki mwaka 2014 alikuwa ameacha mashamba na vitalu, na kizazi cha walimu waliozoea somo hilo. Miti ya kwanza ya mradi wake itafikia umri wa kuvunwa kati ya miaka ya 2060 na 2090.

Kupitia mpingo huohuo, muziki wenyewe hatimaye ulikuja Moshi. Mwaka 2010 mpiga klarineti Michele Von Haugg kutoka Marekani alianzisha mpango wa kufundisha klarineti katika shule za Moshi, wazo likiwa kwamba wanafunzi wanaoishi karibu na mti wasikie sauti yake na waupande. Mpango huo baadaye ulichukua jina la Daraja Music Initiative na kuongeza masomo ya ala za nyuzi, fidla ikiwemo. Karibu na hapo, upande wa Meru, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kilianza kutoa shahada ya muziki, na kwa hiyo kijana wa Kilimanjaro anayetaka kusoma noti zaidi ya kiwango cha kwaya halazimiki tena kuvuka bahari.

Hapo ndipo historia ya malighafi inapokutana na maisha ya kila siku ya mpigaji. Fidla ni sanduku lililounganishwa kwa gundi ya ngozi, gundi inayolegea kwa joto na unyevu, tena kwa makusudi, ili fundi aweze kulifungua bila kuvunja mbao. Fidla iliyoachwa mchana ndani ya gari Moshi mjini inaweza kuachana kwenye maungio yake kabla ya jioni. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mbao hunyonya maji na vigingi hukwama kwenye matundu yake. Katika miezi mikavu hunywea na vigingi huteleza, nyuzi zikalegea zenyewe usiku, na anayekazia kwa nguvu huishia kupasua kichwa cha ala. Mpigaji mwenye uzoefu hushusha kidogo mvuto wa nyuzi anapojua hali ya hewa itabadilika, huulegeza upinde kila amalizapo kupiga, hufuta ubao wa mbele ili vumbi la utomvu wa msonobari unaopakwa kwenye manyoya lisigande juu ya vanishi, na huiacha fidla ndani ya kasha lake kwenye chumba chenye unyevu wa wastani, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa kati ya asilimia 40 na 60. Hayo yote hayana gharama. Gharama iko kwenye nyuzi, ambazo huagizwa kutoka nje na kuchakaa hata zisipokatika, na upungufu huo si wa Moshi peke yake: wapigaji wa Okestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994, walianza kwa kupokezana fidla chache na kufunga waya za breki za baiskeli mahali pa nyuzi zilizokatika.

Kipato nacho hufuata njia iliyochimbwa na kwaya na matarumbeta. Mpiga fidla anayesubiri okestra imwajiri Moshi atasubiri sana, lakini anayeweza kusoma kitabu cha nyimbo na kupiga sauti ya kwanza juu ya kwaya, kuandika sauti za nyuzi kwa ajili ya wimbo wa harusi, na kufundisha watoto wawili watatu jioni, ana soko lililokuwepo kabla yake. Desemba, Wachagga wanaoishi mbali wanaporudi nyumbani na harusi, vipaimara na shukrani za familia zikifuatana, ndio mwezi wa kufanya mapatano mapema na kudai malipo ya awali, kwani desturi ya kumwona mpiga ala kama ndugu aliyekuja kusaidia bado ina nguvu.

Kwa ala zenyewe, sheria ya mpingo imekuwa nyepesi kuliko ya pembe. Tarehe 2 Januari 2017 jamii nzima ya Dalbergia iliwekwa chini ya usimamizi wa CITES, na kwa karibu miaka 3 watengenezaji na wasafiri walihangaika na vibali. Tangu tarehe 26 Novemba 2019 ala zilizokamilika, na sehemu zake zilizokamilika, zimeondolewa katika sharti hilo, huku magogo na mbao zikiendelea kuhitaji hati. Tofauti hiyo kati ya gogo na kitu kilichokamilika inastahili kuangaliwa na mafundi wa Moshi kuliko ilivyoangaliwa hadi sasa. Zaidi ya tisa ya kumi ya mpingo unaopasuliwa kwa ajili ya klarineti hukataliwa kwa sababu ya ufa, fundo au ufupi, na kigingi cha fidla kinahitaji kipande kisichozidi urefu wa kidole, kilichokaushwa vizuri na kukerezwa kwa mwinamo wa 1 kwa 30, yaani upungufu wa milimita 1 ya kipenyo kwa kila milimita 30 za urefu. Mashine ya kukereza inayotoa miguu ya viti inaweza kufanya kazi hiyo ikiwa na mkono wenye subira na kipimo sahihi, na seti ya vigingi 4 iliyotengenezwa Moshi ingemfikia mpigaji wa Moshi, na wa Unguja, bila kupitia Ulaya.